Paji Jeupe Amelala

Katika mkoa mzima wa Simiyu hakuna anayejua kusimulia habari za upelelezi kama mimi. Mhalifu namnusa kabla polisi hawajafunga mikanda. Ingawa, tuambizane ukweli, mwezi uliopita nilimtangaza jirani yangu mtaa mzima kuwa kaniibia jogoo, na jogoo mwenyewe nilikuwa nimemla Jumapili, pamoja na jirani huyo huyo. Basi sikiliza, ila macho yako yawe wazi.

Ilikuwa alfajiri, Jumatano, kitongoji cha Mwankuba, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Somanda. Bibi Kabula alikwenda kisimani na ndoo yake kama kawaida. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majaruba ya mpunga. Alipofika karibu aliona ndala mbili pembeni ya kisima, zimepangwa vizuri, vidole vikielekea majini, kana kwamba mwenye ndala kazivua ili aingie ndani kupumzika.

Kuzizunguka zile ndala kulikuwa na nywele. Rasta ndefu nyeusi, zimekatwa shinani na kutandazwa duara, moja baada ya nyingine, bila hata moja kukosea mstari. Damu hakuna. Alama ya mtu kuburutwa hakuna. Bibi aliinama akaokota rasta moja, akaona shanga ya bluu kwenye ncha yake. Shanga ile aliitia kwa mkono wake mwenyewe, siku mjukuu wake Debora alipokuja likizo kutoka Somanda alikokuwa fundi cherehani.

Hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akaita mara moja, "Debora?" Kisima kikamrudishia sauti yake mwenyewe.

Wanaume waliingia kisimani kwa kamba, hawakukuta mtu. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walitafuta mashambani, korongoni, kwenye maghala ya pamba, hadi chini ya vitanda vya watu, jambo lililoleta aibu kwenye nyumba mbili ambazo sizitaji. Debora hakuonekana. Ilipofika mchana maneno yalikuwa yamebadilika. Hakuna aliyesema tena "amepotea". Walisema "amechukuliwa". Huku kwetu mtu akisema amechukuliwa, hamaanishi kwa gari. Anamaanisha msukule: mtu aliyeibiwa akiwa hai, anayelimishwa usiku na mchawi wake huku ndugu wakimlia mchana.

Na mchawi hakuwa mbali kutafutwa. Bibi Kabula ana macho mekundu. Yamekuwa mekundu kwa kupikia mavi ya ng'ombe miaka yote katika nyumba isiyo na dirisha. Mimi pia ninayo hayo macho, na sijamroga mtu, ingawa wapo niliowafikiria.

*

Sajenti Minza Luhaga wa upelelezi alifika Alhamisi asubuhi na konstebo mmoja. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, mzaliwa wa Maswa, aliyezoea kumwacha mtu amalize kusema kisha akae kimya kidogo zaidi. Watu wengi hawawezi kuvumilia kimya. Huongeza neno, na neno hilo ndilo humfunga.

Alianza kwa kamanda wa sungusungu, Mzee Mboje, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mmechelewa. Huyu si mtu wa kutafutwa na polisi tena."

"Wa kutafutwa na nani?"

"Na aliyemchukua." Mboje alitoa simu mfukoni akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mjusi. "Jana jioni tulikuwa tumekaa hapa kwangu, wanaume wote wa kitongoji. Jua linazama. Simu ikaita. Namba ya Debora. Nikaweka sauti kubwa, wote tukasikia. Ndani mle imejirekodi."

"Inarekodi yenyewe?"

"Mke wangu ndiye aliyeiweka hivyo. Ana sababu zake."

Aliibonyeza. Kwanza upepo tu. Kisha sauti ya msichana, kavu, isiyopanda wala kushuka:

"Mimi ni Debora. Msinitafute. Bibi amenichukua. Nalima shamba lake ninyi mkiwa mmelala. Mkimwacha akae hapo, atachukua na watoto wenu."

Kimya. Pumzi. Halafu sauti ile ile, lakini nyepesi, ya mtoto, karibu na kuimba:

"Paji Jeupe amelala, mgongo kwa Nzagamba. Paji Jeupe amelala, mgongo kwa Nzagamba."

Simu ikakatika. Minza alihisi vinyweleo vya mikono vikisimama, akakunja mikono ili konstebo asione. Konstebo hakuwa akiangalia. Alikuwa akiangalia lango, umbali wake na kama liko wazi.

"Ng'ombe wa mizimu hao," Mboje alinong'ona. "Nzagamba ni dume, hilo hata wewe unalijua. Huyo Paji Jeupe ni ng'ombe wa bwana wake mpya."

"Jana hapa alikosekana nani?"

"Hakuna. Hata Masunga alikuwepo, binamu yake Debora, pamoja na majonzi yake."

"Baada ya simu, nani aliondoka kwanza?"

"Wote waliondoka kwanza, mayu. Hata mimi ningeondoka, ila hapa ni kwangu."

Minza alikaa kimya. Mboje alijikuna shingo, kisha akaongeza, "Na kama umeambiwa kuhusu kijana wangu, ni kweli. Alimposa Debora, Debora akamkataa, ng'ombe wangu wakarudi na kamba zao. Niliudhika. Lakini mtu akikukatalia ng'ombe unakwenda kwa mwingine, humwingizi kisimani."

Mganga Limbu alikuwa tayari ndani ya boma la Mboje, amejipaka majivu, anadai dume jeusi ili amrudishe msichana. Alikuwa amefika Jumatano mchana, kabla habari haijavuka barabara. Hilo Minza alilipenda.

"Nani alikuita?"

"Nimeoteshwa," Limbu alisema.

"Umeoteshwa kwa mtandao gani?"

Limbu alitazama kwato za mbuzi mkononi mwake. "Mke wa Mboje alinipigia."

"Saa ngapi?"

"Nilipokuwa nakunywa chai. Afande, usiandike jina lake, atanipiga."

Konstebo alikagua simu ya mganga. Ilikuwa kweli, na Jumanne kutwa kucha Limbu alikuwa hospitali Bariadi akitibiwa jino, maana kung'oa jino kwa dawa zake mwenyewe kulimshinda.

Masunga walimkuta kwenye nyumba yake ya bati, akimnywesha ndama maziwa kwenye ndoo. Alikuwa kijana mpole, aliyemzidi Debora miaka michache, mtoto wa marehemu mwana wa kiume wa Bibi Kabula. Debora alikuwa mtoto wa binti.

"Pole, kaka."

"Asante, afande. Sijalala."

"Unamnywesha mwenyewe? Sina uhakika kama ni kazi ya mwenye nyumba ya bati."

"Mchunga ng'ombe wangu karudi kwao Kimali. Ana homa."

"Lini?"

"Kama juzi hivi. Hata sikumbuki, akili yangu haipo."

"Ulikulia hapa?"

"Hapana, nilikulia Lamadi. Baba alikuwa mvuvi. Nimekuja huku mtu mzima."

"Sauti ile ya jana uliisikia. Yale maneno ya mwisho unayaelewaje?"

Masunga alimfuta ndama mdomo. "Hayo mambo ya kitoto tu, afande. La maana ni pale aliposema nani amemchukua. Mimi nampenda bibi yangu, lakini masikio yangu siwezi kuyakana."

Minza alimshukuru. Walipokuwa wakitoka, konstebo alisema yule angalau ana huzuni. Minza alisema, "Anayo."

*

Mtu mmoja tu alikuwa hajaisikia ile sauti: Bibi Kabula mwenyewe. Simu hana. Kwa Mboje hakuitwa. Tangu Jumatano jioni hakuna aliyekanyaga uwanja wake, ila kuna mtu aliyepita bila kuonekana akaacha kifungu cha nyasi kavu juu ya paa lake. Nyasi kavu juu ya nyasi. Kila mtu huku anajua salamu ile maana yake nini: ondoka, au tutawasha.

Ndani kulikuwa na giza na moshi. Macho mekundu yaliwatazama kutoka upande wa mafiga.

"Mwangaluka, mayu," Minza alisema akipiga goti.

"Mwangaluka, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kuingia. Wengine wananisalimia kutoka barabarani, kama wauza samaki."

Konstebo alibaki mlangoni. Minza aliweka simu ya Mboje juu ya kinu na kuibonyeza. Sauti kavu ilisema yake. Bibi hakutikisika, hata pale aliposikia jina lake. Ilipofika ile sehemu ya kuimba, kichwa chake kiliinuka taratibu.

Akacheka.

Hakikuwa kicheko cha nguvu. Kilikuwa kicheko chembamba, kirefu, kilichotoka ndani ya moshi bila mdomo kuonekana, na konstebo aliyekuwa mlangoni akajikuta uwanjani. Hata Minza, mwanamke wa shule na bunduki, kwa kitambo kidogo alifikiri: hawa watu huenda wanajua wanachosema.

"Rudia," bibi alisema. Akasikiliza tena, machozi yakimtiririka kwenye kicheko. "Yuko hai. Mwanangu, mtoto yuko hai, tena ana akili zake zote. Anacheza."

"Anacheza nini?"

"Fisi na Ndama. Mchezo wa machungani wa boma hili. Nilicheza mimi, nikawafundisha wanangu, wakawafundisha watoto wao. Mmoja anakuwa fisi, anaficha ndama wa udongo. Wenzake wanamwuliza yuko wapi, naye haruhusiwi kutaja mahali. Anataja ng'ombe. Kila mahali hapa kwetu kuna ng'ombe wake. Mwekundu ni kisima. Nzagamba ni lango la zizi. Madoa ni ngitili."

"Na Paji Jeupe?"

"Ule mwamba wa popo, nyuma ya zizi. Amelala maana yake ndama yuko ndani, si juu. Mgongo kwa Nzagamba, upande usiotazama lango. Pale pana pango. Watoto wote wa boma hili walimficha ndama pale na kuchapiwa pale."

"Nani mwingine anayajua maneno haya?"

"Wanangu wamekufa. Tumebaki mimi na Debora."

"Masunga?"

Bibi alifikiri. "Alikuwa anakuja likizo. Lakini huo mchezo huchezwa machungani, sisi wakubwa hatupo. Sikumwona akicheza. Na ni mwiko kuyasema maneno hayo ndani ya nyumba, fisi wa kweli atayasikia. Leo nimeyasema. Basi na aje."

*

Mwamba ule ni mkubwa kama kanisa, na kilele chake ni cheupe kwa mavi ya ndege. Walizunguka upande wa nyuma. Pango lilikuwa na mdomo mwembamba, na harufu ya popo iliwapiga usoni. Minza aliingia kwanza na tochi.

Kulikuwa na nyasi zilizolaliwa. Kipande cha kitenge kimefungwa kwenye jiwe. Michembe ya viazi iliyotafunwa nusu, na kata ya uji. Minza aliweka mgongo wa mkono kwenye kata. Ilikuwa na uvuguvugu bado.

"Debora!" aliita konstebo. Dari lote likajibu kwa mabawa.

Hakukuwa na mtu. Alikuwapo, aliamkia hapo, akapewa uji, kisha akahamishwa. Minza alikaa juu ya zile nyasi na kuwaza. Aliyepiga simu ile hakuelewa maneno ya mwisho, la sivyo angemziba msichana mdomo. Lakini kuna mwingine aliyeyasikia na akayaelewa vizuri, akatuma amri ahamishwe mara tu polisi walipoanza kuyauliza. Yaani walikuwa wawili: mmoja analinda na kupiga simu, mwingine amekaa kwa Mboje na wenzake, anasikiliza kwa mshangao kama wengine, ili kesho watu waseme alikuwepo. Na huyo wa pili ni fisi aliyewahi kuficha ndama katika boma hili.

Walipotoka, Mboje na kundi lake walikuwa wamesimama chini ya mwamba na marungu.

"Nani aliyewaambia mje hapa?" Mboje aliuliza.

Minza hakutaka kujibu, lakini konstebo, kijana mwaminifu asiyefaa kwa kazi hii, alisema, "Bibi Kabula."

Walitazamana. Kipande cha kitenge kilikuwa mkononi mwa Minza.

"Basi," Mboje alisema kwa upole wa kutisha. "Yeye peke yake anayajua maneno ya msukule wake. Tena akishawaambia mahali, mtu hayupo. Mayu, mimi si mtu mbaya. Lakini Jumamosi watu wakitoka gulioni, tutakutana, na yule bibi ataondoka Mwankuba. Nikijaribu kuwazuia wataniruka."

Simu ya Debora ilikuwa imezimwa. Mnara ni mmoja kwa vijiji vyote vile. Ulionyesha tu kwamba simu ilipigwa huko huko. Ijumaa Minza alipita tena kila mahali na konstebo: maghala, makaburi, korongo, ukingo wote wa ngitili. Ngitili ni malisho ya akiba. Nyasi zake zilikuwa zimefika kifuani, nayo hufungwa tangu mvua za kwanza hadi kiangazi. Mtu hakanyagi. Minza aliita kutoka ukingoni, akasikiliza, akaendelea na safari. Alivyolelewa Maswa, hata mguu haukumtuma kuvuka ile mipaka. Kumbuka hapo, maana sungusungu walifanya hivyo hivyo, na mimi ningefanya hivyo hivyo, na fisi alilitegemea hilo.

Jioni alirudi kwa bibi.

"Katika mchezo wenu," aliuliza, "mtafutaji akishajua ndama alipo, anafanya nini?"

"Anasema 'Ndama amelia'. Halafu mbio. Fisi akimfikia ndama kwanza anaweza kumhamisha. Atakayechelewa kati yao anabebeshwa mavi ya ng'ombe kichwani."

"Kwa hiyo ukisema ndama amelia, fisi hukimbilia alikomficha."

"Lazima. Ndiyo utamu wake."

Minza alisogeza kigoda. "Mayu, kesho nitakuomba jambo baya. Nataka ukubali mbele ya watu wote kwamba ni wewe."

Macho mekundu yalimtazama muda mrefu. "Na wakiniua?"

"Nitakuwa na askari sita kutoka mjini."

"Na wakiniua pamoja na hao sita?"

"Nitakuwa nimekushauri vibaya sana."

Bibi Kabula alicheka kile kicheko chake. "Wabeja, mwanangu, asante. Wenzio wangenidanganya."

*

Jumamosi saa tisa mchana uwanja wa Mboje ulijaa. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyekuwa akitafuta kivuli. Wengine walikuwa na viberiti mifukoni. Hawakuwa wavuta sigara. Bibi alisimama katikati akiegemea fimbo, na duara lile likarudi nyuma lenyewe.

"Mmenisema sana," alianza. Sauti yake haikuwa kubwa. "Basi ni mimi. Nimechoka. Nendeni korongoni, penye mchanga mweupe, chimbeni. Mtamkuta amekaa." Kisha akafumba macho, akainua uso juani, na kwa sauti nyembamba ya mtoto mdogo akaimba:

"Ndama amelia. Ndama amelia, fisi. Namsikia."

Mama mmoja alizimia. Kisha uwanja mzima uligeuka kuwa miguu. Wanaume, wanawake, Limbu na kwato zake, wote walimiminika kuelekea korongoni, upande wa magharibi, vumbi likiwafuata.

Mtu mmoja alikimbia nao hadi kwenye mnyaa wa mwisho wa ua. Hapo akainama kama anayefunga kiatu, akawaacha wote wapite, akageuka mashariki.

Minza hakuwa korongoni. Alikuwa amelala juu ya mwamba wa popo na konstebo, na kutoka pale Mwankuba yote huonekana. Alimwona yule mtu akikata nyuma ya zizi, akipita kisima bila kukitazama, kisha akifanya jambo lililomfanya sajenti apigwe na butwaa kwanza, na aibu baadaye: aliingia ngitilini. Nyasi zilifunguka zikamfunika.

Walimfuata kwa njia aliyoilaza. Ndani ndani kulikuwa na kibanda cha mlinzi wa zamani, kimeinama, mlango umefungwa kwa waya. Masunga alikuwa akiuhangaikia waya kwa vidole vyote kumi. Mbele yake nyasi zilikuwa zikitikisika, zikienda mbali. Kuna mtu mwingine alikuwa anakimbia kuelekea Kimali.

"Ngoja nikusaidie," Minza alisema.

Masunga aliruka. Kisha akaanza kulia, machozi ya kweli kabisa. "Afande! Mungu mkubwa! Nimesikia mtu akilia humu!"

Waya ulikatwa. Debora alitoka akiwa amenyolewa kichwa, miguu mitupu, akifinya macho juani. Kwa jinsi alivyokonda, hata mimi ningesema huyu anatoka kulima usiku. Alimtazama sajenti, akasema kwa sauti iliyokauka, "Bibi hajaunguzwa?"

"Bado. Yuko kwa Mboje, analindwa."

Basi akakaa chini.

Firimbi ya konstebo ilileta watu. Walikuja kutoka korongoni na matope, wakasimama kwenye ukingo wa ngitili, wakasita, halafu Mboje akavuka na wengine wakavuka. Bibi Kabula aliletwa na askari wawili. Hakukimbia. Alikwenda polepole hadi kwa mjukuu wake, akaweka kiganja juu ya kile kichwa kitupu, akakiacha hapo.

"Nani alikufungia?" Mboje aliuliza.

"Sikumwona uso. Mmoja alikuwa na gunia kichwani, ndiye aliyekuwa akiniletea uji na simu. Mwingine alikuja mara mbili, alinong'ona nyuma ya ukuta. Alisema nisiposema maneno yake, watachoma nyumba bibi akiwa ndani."

"Ni mchungaji wangu!" Masunga alipaza sauti. "Amenidanganya ana homa! Mmemwona akikimbia! Mimi nilikuwa namtafuta ndama wangu aliyekata kamba, nikasikia mtu akilia."

Watu waligunaguna. Lilikuwa neno linaloingia akilini. Mboje mwenyewe alitikisa kichwa kukubali.

"Ndama aliyekata kamba," Minza alisema. "Wakati kitongoji kizima kinakwenda kumfukua binamu yako, wewe ulikumbuka ndama."

"Nilichanganyikiwa."

"Mchungaji wako wa Kimali angepata nini bibi akiondoka hapa? Wewe ungepata mwamba. Bibi kaniambia kuna watu wa kusaga kokoto walikuja kuupima mwezi uliopita, ukawatembeza wewe. Bibi akakataa kwa sababu mumewe kazikwa chini yake. Tena akasema mbele ya ukoo kwamba mwamba na ngitili atavitunza Debora. Mtoto wa binti. Bibi akifukuzwa kwa uchawi, neno lake linafukuzwa naye. Na Debora akirudishwa na wewe, kanyolewa, kakonda, akisema habari za gunia na minong'ono, nani angemsikiliza msukule?"

"Hayo ni mawazo, afande. Mwamba kuutaka si kosa."

"Si kosa. Aliyemhamisha kutoka pangoni aliyaelewa maneno ya mchezo. Kila mtu hapa aliniambia ni ng'ombe wa mizimu. Wewe peke yako uliniambia ni mambo ya kitoto. Ulijuaje?"

"Nilisema tu! Mimi nimekulia Lamadi. Huo mchezo sikuwahi kuucheza, siujui, hata jina lake nalisikia leo!"

Hakuna aliyekuwa amelitaja jina. Lakini Minza aliliacha lipite. Alichuchumaa mbele ya Debora, akatoa kalamu kama mtu anayetaka kumaliza kazi arudi mjini.

"Basi nisaidie wewe, mdogo wangu, maana bibi yako ni mzee, huenda alinichanganyia. Paji Jeupe ni kisima, sivyo?"

Debora alifungua mdomo. Akamtazama sajenti. Kisha akamtazama binamu yake, taratibu, kutoka viatu hadi uso, na kuna kitu kilichobadilika katika macho yake.

"Ndiyo," alisema. "Paji Jeupe ni kisima."

"Na Mwekundu ndio mwamba."

"Ndio mwamba. Ndiyo maana kila likizo nilikuwa nashinda mimi. Kulikuwa na mmoja hakuweza kabisa. Alibeba mavi kichwani mpaka akatoka upele, analia, kamasi hizi."

"Mwongo!" Masunga alifoka, na sauti yake ikapanda ikawa ya mtoto. "Mwekundu ni kisima! Mwamba ndio Paji Jeupe! Ulikuwa unageuza hivyo hivyo kila nikishamwona ndama, halafu unasema nimeshind—"

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Upepo ulipita juu ya nyasi zote za ngitili.

"Endelea, baba," Bibi Kabula alisema, kiganja bado kiko juu ya kichwa cha Debora. "Ukishamwona ndama, alikuwa anageuza vipi?"